Zibua kwanza, rangi baadaye: kutu kwenye shasi ya pikapu ya zamani

Mimi si fundi. Nauza viazi na kabichi hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na kwa kazi hiyo nina pikapu moja, Hilux ya mwaka 1994 yenye injini ya dizeli ya 2.8, ile yenye springi za bapa mbele na nyuma. Mume wangu alipofariki aliniachia watoto wanne na gari hilo, na nikisema ukweli, miaka ya mwanzo gari ndilo lililolea watoto. Ikabidi nilijue mpaka tumboni. Vijana wa garaji wananiita Mama Hilux, na wakiniona nimevaa salopeti juu ya kitenge wanajua leo hakuna kudanganyana.

Tulipolinunua lilikuwa na sura nzuri. Chini lilikuwa jeusi ti, linang'aa kama kiatu cha mtoto siku ya kwanza ya shule. Muuzaji alituinamisha tuone: "Papa, Mama, tazameni shasi hii, imepakwa lami yote, kutu itapitia wapi?" Tukafurahi. Hakuna aliyetuambia kwamba gari kuukuu lenye shasi mpya namna hiyo ni la kuulizwa maswali.

Miaka ikapita. Siku moja shofere aliniita uani, akaniambia, "Mama, njoo uone kitu." Alikuwa amepitisha vidole kwenye nafasi iliyo kati ya kabini na boksi la mizigo. Chini viliingia vidole vinne. Juu kiliingia kimoja, tena kwa kubana, na kona ya boksi ilikuwa imeshachubua rangi ya kabini. Nikamuuliza kama amegonga mahali. "Sijagonga, Mama. Linakunjika."

Tukalipeleka kwa fundi wa kuchomelea, mzee mmoja asiyependa maneno mengi. Alilala chini na nyundo ndogo, akagonga mara tatu nyuma ya kabini, upande wa kulia. Mara ya tatu lami ikabanduka kipande kizima, nene kama chapati, na mgongoni mwake imebeba magamba mekundu ya kutu. Halafu kwenye tundu lililobaki ukaanza kumwagika mchanga. Mchanga mweusi, mbichi, ule ule tunaokanyaga kila siku. Ulimwagika mpaka akaomba ndoo. Ndipo akasema sentensi yake ndefu kuliko zote za siku hiyo: "Mama, waliziba matundu ya kutolea maji. Shasi yako imekaa miaka yote hii kama mtungi."

Yote ninayoyaandika hapa yanatokana na sentensi hiyo.

Shasi ni nini, na maji yanaingiaje

Shasi ya pikapu ni vyuma viwili virefu vilivyolala sambamba kutoka mbele hadi nyuma, vikiunganishwa na vingine vifupi vilivyokingama, kama ngazi iliyolazwa. Vile virefu, sehemu kubwa ya urefu wake, ni vitupu ndani, mithili ya bomba la pembe nne. Kiwandani huachwa matundu mengi: ya kupitishia nyaya, ya bolti, ya kushikia chuma wakati wa kuunda. Maji, matope na vumbi vinaingilia huko kote. Vya kutokea ni vichache, yale matundu ya upande wa chini. Hayo yakiziba, kilichoingia hakitoki, na chuma kinaanza kuliwa kutoka ndani wakati nje unapaka rangi na kujisifu. Kutu nayo ikifika nje imekwisha kula. Tena inavimba: inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana pale vyuma viwili vilipobanwa pamoja unakuta vimetanuka kama kitabu kilicholowa.

Goma kwetu kuna mambo yake zaidi. Tunaishi chini ya Nyiragongo, mlima wa volkeno. Moshi wake una gesi ya salfa, na mvua ikipita katika moshi huo inashuka na asidi. Muulize mtu wa Rusayo, ama popote upande wa magharibi ambako upepo huupeleka moshi mara nyingi, mabati ya nyumba yake yanachakaa kwa kasi gani. Na bati angalau lina zinki ya kulilinda. Shasi yako ina rangi tu.

Halafu mchanga. Udongo mwekundu wa milimani ukikauka unapasuka na kuanguka wenyewe. Mchanga wa volkeno una vitobo-vitobo, unakunywa maji na kuyashika kama sponji. Jua la saa sita limekausha barabara yote, lakini lile fungu lililojikusanya ndani ya shasi, juu ya ekseli ya nyuma, bado limelowa. Barabara zetu zimejengwa juu ya lava, na tangu mlipuko wa Januari 2002 kuna mitaa ambako lava yenyewe ndiyo barabara. Kokoto zake zina ncha, zinachubua rangi ya chini ya gari kila siku kidogo kidogo.

Na maji ya ziwa. Tunaosha magari kwa maji ya Kivu kwa sababu ndiyo tuliyo nayo, na mimi naosha nayo pia. Ila yana magadi na chumvichumvi. Gari ukiliacha likauke lenyewe linabaki na madoa meupe. Kuosha si kosa. Kosa ni kuosha jioni na kulaza gari mahali tambarare, maji yakalala nalo.

Kama gari lako lilitoka Japani, uliza kama unaweza kujua liliishi upande gani. Kule kaskazini, Hokkaido na jirani zake, barabara humwagiwa chumvi za kuyeyusha barafu, na gari linaweza kufika bandarini likiwa tayari na ugonjwa. Usifikiri ni ugonjwa wa nchi maskini. Marekani mwaka 2016 Toyota ilikubali kulipa hadi dola bilioni 3.4 kumaliza kesi ya shasi zilizoliwa na kutu za Tacoma, Tundra na Sequoia.

Kabla hujalala chini ya gari

Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia. Weka stendi za chuma au magogo mapana, na vizuizi kwenye magurudumu yaliyobaki chini. Usitumie jiwe la lava kushikilia gari, hata kama yamejaa uani na yanaonekana magumu. Ndani yana mapovu ya hewa, linaweza kupasuka ghafla bila hata kulia.

Jambo la pili ni la watu wa kwetu hasa. Kama garaji yako ina shimo la kuingia chini ya gari, na iko upande wa Himbi, Lac Vert, Mugunga hadi kule Sake, fikiria mazuku. Ile hewa mbaya inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajaza mabonde na mashimo kama maji, haionekani wala hainuki. Mbaya zaidi ni alfajiri, kabla upepo haujaanza. Watu hushusha mshumaa, wakiona unazimika wanajua hewa hiyo imo. Mimi nasema hata mshumaa ukiwaka usijiamini: acha upepo uvume, na asishuke mtu peke yake. Mtu akianguka shimoni, usimrukie kumwokoa, maana mtakuwa wawili. Mvute kwa kamba ukiwa juu. Mimi tangu nijue hayo sitaki shimo kabisa. Gari linainuliwa, ninalala kwenye katoni.

Nyundo na sikio

Chukua nyundo ndogo na bisibisi kubwa ya zamani. Gonga shasi kila baada ya upana wa kiganja, kuanzia nyuma ya gurudumu la mbele mpaka mwisho. Chuma kizima kinaita: tang, na nyundo inaruka mkononi. Chuma kilichooza kinajibu kwa sauti ya kopo lililojaa udongo, na nyundo inakaa pale pale. Sikio litajifunza haraka. Ukisikia pabaya, sukuma bisibisi kwa nguvu. Isipoingia, ni kutu ya juu. Ikiingia, afadhali imeingia leo uani kuliko chuma kuachia kesho kwenye mteremko na tani moja ya viazi.

Usigonge kwa haya ukiogopa kuharibu. Nyundo haitoboi chuma kizima.

Pa kukaa muda mrefu zaidi ni nyuma ya kabini, pale shasi inapoanza kupanda kwenda juu ya ekseli ya nyuma, na ndiko langu lilikoachia. Fuata pale springi za nyuma zinaposhikiliwa, mbele na mwisho. Chuma kilichokingama juu ya tairi la akiba hukusanya matope ambayo hakuna anayeyaona, basi shusha tairi hilo. Angalia chini ya vishikio vya boksi, kwenye zile raba, maana maji hulala hapo. Pale sanduku la usukani lilipofungwa tafuta nyufa pia, si kutu tu, kwa sababu mahali hapo panavutwa kila unapokata kona. Na usisahau bomba za breki. Ni nyembamba, zinapita ubavuni mwa shasi, na zinaliwa chini ya vibanio vyake mahali ambapo jicho halifiki. Toa kibanio, pangusa, tazama. Bomba likiwa na vidonda, libadilishe kabla hujawaza rangi ya kitu chochote.

Ukimaliza utakuwa na picha. Kutu ya unga, inayofutika kwa brashi: kazi yako mwenyewe. Magamba yanayobanduka lakini chini yake chuma kinaita: kazi yako bado, ila yenye jasho. Tundu, au mahali bisibisi imezama: hiyo ni ya fundi wa kuchomelea. Kule Marekani katika kesi ile kipimo cha kubadilishiwa shasi kilikuwa tundu la milimita 10, yaani kama ncha ya kidole chako cha mwisho. Na kama pande zote mbili zimeoza mahali pamoja, au kutu imepita zaidi ya urefu wa mkono, kaa chini upige hesabu ya shasi nyingine ya gari lililokatwa. Nimeona watu wakishonea viraka juu ya viraka mpaka shasi ikawa nguo ya mwendawazimu.

Zibua

Hapa ndipo watu wanaparuka, kwa hiyo nitapakawia.

Tafuta kila tundu la upande wa chini wa shasi. Kwenye langu mengi yalikuwa chini ya lami, sikujua hata yalipo, ikabidi nipapase kwa vidole ile lami ilipodidimia kidogo. Kwangua, kisha ingiza spoki ya baiskeli iliyokunjwa ncha kama ndoana. Vuta, zungusha, vuta. Utashangaa kinachotoka: mchanga, majani, vipande vya kutu, siku moja kiota cha panya chenye maganda ya karanga. Usitumie maji kabla hujavuta kilicho kikavu, la sivyo unatengeneza uji.

Kisha maji. Hapa maji ni pesa, kila mtu anajua bei ya bidoni mtaani kwake, lakini hii ni siku ya kutoyabana. Mimi nilitumia bidoni nne za lita 20. Ingiza mpira mwembamba kwenye matundu ya juu na ya ubavuni, mimina kutoka mbele kwenda nyuma, huku mtu mwingine anagonga shasi taratibu kwa gogo ili kilichoganda kiachie. Maji ya kwanza yalitoka meusi. Ya pili mekundu kama chai ya rangi. Bidoni ya nne ilianza kutoa maji unayoweza kuyaona chini yake. Kama yamegoma kubadilika, endelea. Kama umemimina juu na chini hakutoki kitu, kuna mahali pamejaa. Rudi na spoki.

Baada ya hapo peleka kwa mtu wa matairi akupulizie upepo wa kompresa kwenye kila tundu. Halafu acha gari juani siku mbili tatu, pua ikielekea juu ya mteremko siku ya kwanza, chini siku ya pili. Ukipaka chochote ndani kukiwa na unyevu umefunga adui nyumbani.

Jambo moja fundi alinikataza: kutoboa matundu mapya. Nguvu ya shasi iko kwenye pande zake za juu na chini, na tundu jipya hapo ni mwanzo wa ufa. Zibua yaliyowekwa na kiwanda, yanatosha.

Kukwangua

Osha kwanza grisi na mafuta kwa sabuni ya unga na maji ya moto. Ukianza na brashi ya waya kabla ya sabuni, unasambaza mafuta kila mahali na rangi haitashika. Magamba mazito yapige kwa nyundo na patasi, halafu brashi ya waya, halafu msasa. Miwani na barakoa ni lazima, na hili silisemi kwa mdomo tu: nilikaa siku nzima na gamba moja jichoni kwa sababu ya kujifanya ngangari.

Ukitumia grainda yenye brashi ya waya, jihadhari na hila yake. Inang'arisha kutu. Unaona mahali pamekuwa kahawia, laini, panapendeza, unafikiri umefika kwenye chuma. Hujafika. Chuma kitupu ni cha kijivu cheupe. Pitisha msasa hapo uone tofauti. Na diski ya kukwangulia usiikandamize mahali pamoja, usije ukapunguza unene uliobaki.

Kwenye vishimo vidogo ambavyo brashi haingii, paka dawa ya kugeuza kutu, ile yenye asidi ya fosfori au tanini. Kutu inageuka nyeusi, inakuwa ngumu. Ni jambo lile lile la chai iliyolala kwenye chuma, inavyokitia weusi. Dawa hiyo inafanya kazi juu ya kutu nyembamba iliyoshika. Juu ya magamba unapoteza pesa. Subiri siku moja ikauke. Bolti na vibanio vidogo vitumbukize kwenye siki usiku kucha, suuza kwa maji yenye magadi, kausha haraka. Ila kijana akikuambia tumia maji ya betri, mwambie asante na umfukuze. Asidi ile inajificha kwenye maungio na kuendelea kula wakati wewe umelala.

Kuchomelea

Sitafundisha kuchomelea, nitakuambia cha kusimamia ukiwa na mikono kiunoni.

Waya ya betri itolewe. Tanki la mafuta litolewe kama kazi iko karibu nalo, bomba za breki na nyaya zisogezwe, na ndoo ya mchanga iwe hapo. Boksi liinuliwe kabisa. Anayesema atachomelea kutokea chini bila kulitoa anataka kuchomelea anapopaona tu. Shasi ishikiliwe na kunyooshwa kwanza, la sivyo anaunganisha kunjo lako liwe la kudumu. Mzee wangu alipima kwa kamba kutoka kona hadi kona, kulia na kushoto, akalegeza jeki na kupandisha mara nyingi mpaka ile nafasi nyuma ya kabini ikawa sawa juu na chini. Saa mbili nzima za kupima, dakika arobaini za moto.

Chuma kilichooza kikatwe chote mpaka kwenye chuma kinachoita. Kiraka kiwe na unene unaolingana na shasi, si bati. Na umbo lake: usikubali mraba uliosimama wima, kwa sababu mstari wa wima ndio shasi itakapokatikia. Kiraka kikatwe ncha mbili zilizochongoka, kama jani la mhindi lililokatwa fupi, ili nguvu igawanyike. Chuma kilichopakwa zinki kisagwe zinki yake kabla ya moto. Ule moshi mweupe unamlaza fundi na homa usiku. Na mastiki, ule uji mzito wa kusawazisha bati lililobonyea, isionekane karibu na shasi. Mastiki ni ya mlango uliogongwa. Shasini inafunika tundu na kunywa maji.

Muhimu kuliko yote, kiraka kisizibe tundu la kutolea maji. Fundi wangu alipomaliza nilimwomba anionyeshe kila tundu kwa spoki. Akacheka, lakini akaonyesha.

Rangi

Paka msimu wa kiangazi, Juni hadi Agosti, kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa, umande ukiwa umeondoka na haujarudi. Praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, ile yenye zinki nyingi inataka chuma kitupu. Juu ya kutu haina kazi. Mahali ambapo umegeuza kutu kwa dawa, tumia praima ya epoksi ya kuchanganya mikebe miwili kama unaimudu, au ile nyekundu ya kawaida. Kabla ya kupaka yote, pitisha brashi nyembamba kwenye kingo zote, bolti na mistari ya kuchomelea, kwa sababu rangi hukimbia kingo na kuacha utando mwembamba. Makoti mawili yawe ya rangi tofauti, nyekundu kisha kijivu, uone ulipoparuka. Juu malizia na nyeusi ukitaka. Lami nene usipake. Ikipasuka kidogo maji yanaingia nyuma yake na hayatoki, na wewe unaendelea kuona weusi unaong'aa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ndani ya shasi

Rangi haifiki huko, na huko ndiko mambo yalikoanzia. Kuna nta za kupulizia za makopo zenye mrija mrefu, ukizipata nunua. Mimi nachanganya yangu: kipimo kimoja cha nta ya nyuki kwa vitano vya mafuta mapya ya injini, naviyeyusha kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, kamwe si juu ya moto wenyewe. Mchanganyiko ukiwa wa vuguvugu namimina kwenye pompi ya mgongoni, ile tuliyopulizia viazi dawa ya ukungu, iliyostaafu shambani. Kwenye ncha nimefunga mpira mwembamba uliotobolewa pande zote. Naingiza mpira mpaka mwisho, napuliza huku nikiuvuta taratibu. Ikianza kudondoka chini ujue imefika. Weka katoni za kupokea, na ikishaacha kudondoka zibua matundu tena kwa spoki, maana nta nayo inaganda.

Usipulizie karibu na breki, ekzosi, wala raba za springi.

Vijana watakuambia mafuta ya vidanji, yale machafu yaliyomwagwa kutoka kwenye injini, yanatosha na ni ya bure. Yameshajaa asidi na masizi ya injini, yanalainisha raba, na yanadondoka. Mji huu unakunywa maji ya ziwa. Sitaki kuyakuta mafuta hayo kwenye chai yangu.

Mchanganyiko huu narudia kila mwaka, Agosti, kabla mvua hazijakaza. Nje nagusa rangi palipochubuka, kazi ya nusu saa na kopo dogo ambalo shofere anakaa nalo kabini. Kila tunaporudi safari ya matope, naagiza chini kuoshwe siku hiyo hiyo, halafu gari lilale kwenye mteremko wa mlango wetu, pua juu.

Jana usiku imenyesha kwa nguvu. Asubuhi nilitoka na kikombe cha chai, nikainama. Upande wa kulia matundu yote manne yanadondosha maji safi. Kushoto matatu yanadondosha, la nne kimya. Nikaweka kikombe juu ya jiwe, nikaenda kuchukua spoki.